Kukata Kitenzi cha Kiitaliano Kuanzia Mkiani: Ushauri kwa Wanaoanza

Miezi minne ya kwanza ya kujifunza Kiitaliano niliipoteza kwa kukariri majedwali. Nilikuwa nimeajiriwa mapokezi katika hoteli moja ya Watamu, ambako wageni wengi wa msimu ni Waitaliano, na kila usiku baada ya zamu niliimba parlo, parli, parla, parliamo, parlate, parlano kama mtoto wa chuoni anayesoma alifu kwa kijiti, hadi jedwali zima likanikaa kichwani. Asubuhi mgeni aliponiuliza jambo kuhusu wenzake, jibu halikuja, kwa sababu ili nifike kwenye parlano (wanazungumza) ilinibidi nianze upya kwenye parlo na kushuka ngazi moja moja huku mgeni akinisubiri. Ninawaandikia ninyi mnaoanza sasa, iwe mko Malindi, Zanzibar au mmekwisha kufika Italia kwa masomo au kazi, ili kuwaeleza njia niliyoigundua baadaye. Njia hiyo inamfaa hasa mtu aliyekulia katika Kiswahili, kwa kuwa yeye amezoea kukipasua kitenzi vipande vipande tangu utotoni bila hata kujua kwamba anakipasua.

Tazameni neno nitalala. Lina ni- ya nafsi, -ta- ya njeo, yaani wakati wa tendo, mzizi -lal- na irabu ya mwisho -a. Sasa tazameni dormirò, yaani nitalala kwa Kiitaliano: mzizi dorm-, kisha irabu -i- inayoonyesha kundi la kitenzi, kisha -r- ya wakati ujao, kisha -ò ya mimi. Vipande ni vilevile, ila vimepangwa kinyume, kana kwamba mtu amelishika neno letu miguu akaligeuza kichwa chini. Sisi tukimsikiliza mtu akizungumza, sikio letu hukaa mwanzoni mwa kitenzi, kwa sababu pale ndipo tunapojua nani amefanya na lini amefanya, na tukishapata habari hiyo tunaweza hata kuacha kusikiliza kwa makini. Katika Kiitaliano habari hiyo hukaa mkiani. Nilipokuwa mgeni wa lugha hii nilikuwa nikisikia parl-, ninafurahi kwamba nimelitambua neno, na papo hapo sikio linalala kabla mwenye kusema hajafika kwenye silabi yenye habari. Zoezi la kwanza, basi, si la ulimi bali la sikio: jizoezeni kusubiri mkia.

Mkia wenyewe una mpangilio unaotulia. Karibu kila mahali -mo ni sisi, -te ni ninyi, na -no ni wao, ingawa katika njeo chache wao huishia na -ro. Wewe huishia na -i mara nyingi. Kwa kuwa nafsi imo ndani ya kitenzi, viwakilishi io (mimi), tu (wewe), noi (sisi) havihitajiki isipokuwa kwa kutilia mkazo, sawasawa na sisi tusivyosema mimi ninakwenda ila tunapotaka kujitofautisha na wengine. Tena kuna nafuu moja kubwa ambayo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya wasomaji wa lugha nyingine haviwezi kuwaambia: Kiitaliano hakibadilishi kitenzi katika ukanushi, isipokuwa katika kumkataza rafiki, nitakakofika baadaye. Sisi tuna ninasoma na sisomi, nilisoma na sikusoma, nimesoma na sijasoma, lakini wao huweka non mbele ya kitenzi, kazi ikaisha.

Vitenzi vyote vimegawanyika katika makundi matatu kwa jinsi umbo la kutajia, yaani lile la kamusi, linavyoishia: -are kama parlare (kuzungumza), -ere kama credere (kuamini), na -ire kama dormire (kulala). Kundi la -are ndilo kubwa kuliko yote na ndilo linalopokea maneno mapya, na ndiyo maana maneno ya kompyuta kama cliccare na postare yameingia humo. Kuna hali saba, yaani indicativo (ya taarifa), congiuntivo (ya matakwa na mashaka), condizionale (ya -nge-) na imperativo (ya amri), ambazo hubadilika kwa nafsi, pamoja na infinito (umbo la kutajia), participio (kama parlato) na gerundio (ya tendo linaloendelea), ambazo hazibadiliki kwa nafsi. Indicativo peke yake ina njeo nane. Msiogope hesabu hiyo, kwa sababu nusu ya njeo hizo huundwa kwa kitenzi kisaidizi na neno moja tu la ziada.

Vitabu karibu vyote huanza na wakati uliopo. Mimi ningewashauri mwanze na imperfetto, yaani njeo ya nilikuwa nikizungumza, walau kwa wiki moja, kwa kuwa ndiyo njeo inayoonyesha vipande waziwazi kuliko nyingine zote. Chukueni mzizi, wekeni irabu ya kundi, ongezeni -v-, malizieni na nafsi: parlavo, parlavi, parlava, parlavamo, parlavate, parlavano. Kwa credere irabu inakuwa e, credevo, na kwa dormire inakuwa i, dormivo. Hakuna zaidi ya hapo. Mtu akishaiona hiyo -v- ikisimama katikati kama -li- au -ta- yetu inavyosimama, haoni tena kitenzi cha Kiitaliano kama nyama isiyo na mfupa.

Wakati uliopo hauna kipande cha njeo. Mkia wa nafsi umeshikana moja kwa moja na mzizi, na makundi yanaachana kidogo. Mimi ni -o kwa wote na wewe ni -i kwa wote. Yeye ni parla lakini crede na dorme. Sisi ni -iamo kwa wote, ninyi ni parlate, credete, dormite, na wao ni parlano lakini credono na dormono. Kundi la -ire lina tawi ambalo huchomeka -isc- kati ya mzizi na mkia, nalo ni kubwa: capire (kuelewa), finire (kumaliza), preferire (kupendelea), pulire (kusafisha), spedire (kutuma). Husemwa capisco, capisci, capisce, capiscono, lakini capiamo na capite hubaki bila kiungo hicho, kwa sababu -isc- hukaa pale tu ambapo mkazo ungeangukia mzizi. Hakuna alama kwenye umbo la kutajia itakayowaambia kama kitenzi ni cha tawi hili au la, kwa hiyo kila mnapoandika kitenzi kipya cha -ire daftarini, andikeni na umbo la mimi kando yake.

Maandishi ya Kiitaliano huwa na mitego kwa jicho lililozoea Kiswahili. Herufi ch kwetu ni sauti ya chai, lakini kwao ni k. Sauti ya chai wao huiandika ci au ce. Kwa hiyo cerchi, yaani unatafuta, husomwa kana kwamba imeandikwa cherki. Vivyo hivyo g kwetu haibadiliki kamwe, lakini kwao ikifuatwa na i au e hugeuka kuwa kama j, na ndiyo maana mangi, unakula, husomwa manji, wakati paghi, unalipa, imewekewa h ili ibaki na g ya gari. Vitenzi vya -are hulinda sauti ya mzizi wake kwa gharama yoyote: cercare hutoa cerchi, cerchiamo, cercherò, na pagare hutoa paghi, paghiamo, pagherò, huku mangiare na cominciare vikipoteza i isiyohitajika, mangerò, comincerò. Vitenzi vya -ere havijali ulinzi huo. Leggere, kusoma, ina leggo yenye g ngumu na leggi yenye j, na vincere, kushinda, ina vinco ya k na vinci ya ch. Vilevile -isc- ikifuatwa na o ni sk, ikifuatwa na i au e ni sh, hivyo capisco ni kapisko lakini capisci ni kapishi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonichelewesha kuliko yote, nalo ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu bila kukosea, na mazoea hayo yamo ndani ya pumzi yetu, hatuyasikii. Nilikuwa nikisema parláno, abitáno, telefonáno, na Waitaliano walikuwa wakinitazama kwa upole bila kuelewa, ingawa kila herufi ilikuwa sahihi. Matamshi yao ni pàrlano, àbitano, telèfonano, na haya mawili ya mwisho yana mkazo kwenye silabi ya nne kutoka mwisho, mahali ambapo ulimi wetu haujawahi kufika. Kanuni niliyojitengenezea ni kuanza na umbo la mimi: ukijua kwamba ni àbito, basi wao ni àbitano, mkazo haujasogea hata hatua moja. Sisi na ninyi, abitiàmo na abitàte, hazina shida kwetu kwa kuwa zinafuata mwendo wa Kiswahili. Angalieni pia crèdono, parlàvano, parlerèbbero na parlàssimo. Hata umbo la kutajia la kundi la -ere linagawanyika, kwani vedére na temére zinatii sikio letu, lakini crèdere, lèggere na scrìvere hazitii.

Upande wa pili wa tatizo hilohilo ni mkazo wa mwisho kabisa. Parlo ni ninazungumza, parlò ni alizungumza. Parlerà ni atazungumza. Ukiuvuta mkazo nyuma kwa mazoea, umebadilisha njeo na nafsi kwa pamoja. Na kuna konsonanti maradufu: parleremo ni tutazungumza, parleremmo ni tungezungumza, na tofauti yake ni m moja tu inayoshikiliwa kidogo. Wengi huambiwa kwamba Mswahili hana sauti hiyo. Anayo. Tamkeni mea, kisha mmea. Ile m ya mmea inayokaa kinywani kabla ya kuachiwa ndiyo msaada wenu mkubwa kwenye parleremmo. Nilipoligundua hilo niliacha kuwaahidi wageni mambo ambayo nilikusudia kuyatamani tu.

Nyakati za kuunganisha zinaanza na participio: -are hutoa -ato, -ere hutoa -uto, -ire hutoa -ito, parlato, creduto, dormito. Mbele yake huwekwa kitenzi kisaidizi, avere (kuwa na) au essere (kuwa). Vitenzi vingi, pamoja na vyote vyenye mtendwa, huchukua avere: ho parlato, ho venduto, ho capito. Vitenzi vya kufika, kuondoka, kuingia, kurudi, kubaki na kuwa kitu kingine huchukua essere, na hapo participio hulingana na mtenda: sono arrivato akisema mwanamume, sono arrivata akisema mwanamke, siamo arrivati kwa kundi la wanaume au la mchanganyiko, siamo arrivate kwa wanawake watupu. Upatanisho si jambo geni kwa watu wanaosema kitabu kimepotea na vitabu vimepotea. Kigeni ni kuangalia jinsia, kwa sababu yeye wetu hana mume wala mke. Jihadharini na camminare, viaggiare na dormire, ambavyo vinaonekana kama vya mwendo au vya hali lakini huchukua avere.

Kosa ambalo karibu kila Mswahili hulifanya ni kuisawazisha -li- na imperfetto na -me- na passato prossimo, yaani ile ya ho parlato. Haziendani hivyo. Jana nilinunua samaki ni ieri ho comprato il pesce, kwa sababu tendo lilitokea likaisha, na mtu akisema ieri compravo il pesce, msikilizaji atabaki akingoja habari inayofuata, kama sisi tunavyobaki tukingoja mtu akisema jana nilikuwa nikinunua samaki kisha akanyamaza. Kipimo changu ni rahisi: ikiwa sentensi inakubali nilikuwa nikinunua, au nilikuwa nanunua kila Ijumaa, andika compravo, ikiwa haikubali, andika ho comprato, hata kama kwa Kiswahili ungesema -li-.

Njeo mbili nyingine za kuunganisha, ambazo wanafunzi wa mataifa mengine huzilalamikia sana, kwetu ni zawadi. Nilikuwa nimemaliza ni avevo finito. Nitakuwa nimemaliza ni avrò finito. Zinafuatana neno kwa neno, na hata matumizi ya kukisia ni yaleyale: tukimsubiri mtu asitokee husema atakuwa amesahau, na Mwitaliano husema avrà dimenticato, naye pia hazungumzii kesho. Mtu akiuliza saa, hujibiwa saranno le otto kama sisi tunavyosema itakuwa saa mbili, mradi mkumbuke kwamba otto yao ndiyo mbili yetu. Niliwahi kumwamsha mgeni kwa tofauti hiyo.

Wakati ujao na condizionale vina chanzo kimoja, na kukijua kunapunguza mzigo. Zamani watu walisema umbo la kutajia na kuliambatisha na kitenzi cha kuwa na kitu, kisha maneno mawili yakashikana. Mikia -ò, -ai, -à, -anno imetokana na ho, hai, ha, hanno, na mkia -ebbe wa condizionale umetokana na ebbe, alikuwa na. Kwa hiyo r ya parlerò ni r ya parlare. Irabu a ya kundi la kwanza imelainika kuwa e, parlerò, sawa na crederò, na kundi la tatu limebaki na i yake, dormirò. Condizionale hutumia shina hilohilo: parlerei, parleresti, parlerebbe, parleremmo, parlereste, parlerebbero.

Condizionale ni -nge- yetu, lakini nusu tu. Sisi huiweka -nge- pande zote mbili: ningezungumza Kijerumani vizuri, ningefanya kazi Ujerumani. Mwitaliano huigawa. Upande wa sharti, baada ya se (ikiwa), huweka congiuntivo imperfetto, na upande wa matokeo huweka condizionale: se parlassi bene il tedesco, lavorerei in Germania. Ile -ss- ni ya kukamatwa mara moja kama -v- ya awali: parlassi, parlassi, parlasse, parlassimo, parlaste, parlassero, credessi, dormissi. Mswahili kwa kufuata ulinganifu wa lugha yake husema se parlerei, na ajabu ni kwamba wako Waitaliano wanaoteleza hapohapo, nao huchekwa na wenzao kwa hilo. -ngali- inafuata njia ileile kwa njeo za kuunganisha: ningalisoma ningalielewa ni se avessi studiato, avrei capito.

Congiuntivo ya wakati uliopo huwatisha wengi, na kwa Mswahili hofu hiyo haina msingi wote. Sisi tunapotoka kwenye taarifa na kuingia kwenye matakwa, tunabadilisha irabu moja: analala, nataka alale. Wao hufanya vivyo hivyo kwa kubadilishana irabu kati ya makundi. Parla hugeuka parli, na crede, dorme, capisce hugeuka creda, dorma, capisca. Mimi, wewe na yeye hufanana, kwa hiyo hapa kiwakilishi hurudi: voglio che tu dorma, nataka ulale. Sisi ni -iamo, ninyi ni -iate, wao ni parlino, credano, dormano, capiscano. Baada ya kutaka, baada ya lazima, na baada ya ili, sikio letu linatuongoza vizuri, maana ili aelewe ni affinché capisca. Linapotupoteza ni kwenye maoni na mashaka. Nadhani amelala kwetu ni taarifa ya kawaida, lakini kwao ni credo che dorma, kwa sababu jambo linalodhaniwa halijathibitika. Ingawa, benché, nayo huhitaji congiuntivo, na kabla hajafika ni prima che arrivi.

Umbo hilohilo ndilo linalobeba adabu. Kumwamrisha rafiki ni parla, credi, dormi, finisci, na kumkataza ni non pamoja na umbo la kutajia, non parlare. Lakini mkubwa au mgeni usiyemzoea huitwa Lei, naye huambiwa parli, creda, dorma, finisca. Katika wiki yangu ya kwanza mapokezi nilimwambia bibi mmoja mwenye mvi aspetta, na yeye, bila kukasirika, akanirudishia taratibu: aspetti. Nilielewa baadaye kwamba nilikuwa nimemwambia mtu wa umri wa nyanya yangu hebu ngoja hapo, bila shikamoo wala tafadhali. Ugumu ni kwamba aspetti kwa rafiki ni taarifa, unasubiri, na kwa Lei ni ombi. Irabu i na a zimebadilishana nafasi, na hakuna njia ya mkato isipokuwa kuzisema pamoja kwa jozi, aspetta na aspetti, scendi na scenda, hadi mdomo uchague wenyewe.

Passato remoto, njeo nyingine ya wakati uliopita, nitaipita haraka. Parlai, parlasti, parlò, parlammo, parlaste, parlarono, credei au credetti, dormii. Kaskazini mwa Italia haisikiki sana katika mazungumzo, huku Toscana na kusini ikiendelea kutumika, na vitabu vya hadithi na historia vimejaa njeo hii, kwa hiyo anayeanza aijue kwa macho kabla ya kuijua kwa ulimi. Vitenzi vingi vya -ere vinaasi hapa na kwenye participio, leggere ikitoa lessi na letto, scrivere ikitoa scrissi na scritto, hata kama kwingineko vinatii kama kondoo. Trapassato remoto, ebbi parlato, iacheni hadi mtakapoikuta kitabuni.

Kuhusu mazoezi, badala ya kushuka jedwali kutoka mimi hadi wao, shikeni nafsi moja na kuitembeza katika njeo zote: parlo, parlavo, ho parlato, avevo parlato, parlerò, parlerei, che io parli, se parlassi. Katika mazungumzo ya kweli hakuna anayetoka mimi kwenda wewe kwenda yeye kwa mpangilio, lakini kila mtu hutoka jana kwenda leo kwenda kesho akiwa ni yuleyule. Fanyeni hivyo kwa kitenzi kimoja cha kila kundi na kimoja cha -isc-, kwa sauti, mkishikilia mkazo ulipo, kwa wiki mbili mkiwa na io. Kisha hamieni kwenye Lei, kwa sababu hizo mbili ndizo mtakazozihitaji siku ya kwanza mbele ya mteja, mwalimu au karani wa ofisi, na loro (wao) ifuate baada yake kwa ajili ya mkazo wake mgumu.